Dawa ya Wadudu

Bunda, shuleni
Jumapili, 4 Agosti 2024

Bibi yangu Susana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Chakula nakula, masomo yanakwenda, na kidato cha tatu si kigumu kama walivyotutisha. Wasalimie majirani, na ng'ombe pia, hata yule mweusi aliyenipiga teke likizo iliyopita.

Bibi, leo naandika hasa kwa ajili ya mdogo wangu Naomi. Tangu nirudi shuleni mikono yake hainitoki machoni. Nakumbuka asubuhi ile ulipomvua soksi ulizomvisha mikononi ili asijikune, nikaona zina damu. Nakumbuka pia maneno ya Mama Dotto siku tulipokwenda kumwandikisha darasa la awali. Alisema mbele ya watu wote kwamba mwanawe hawezi kukaa na mtoto mwenye upele wa kuambukiza. Mwalimu Flora aliona aibu, lakini alisema tusubiri hadi Januari: ngozi ikitulia atampokea, isipotulia basi mwaka mwingine. Naomi alikuwa amesimama hapo hapo. Ana miaka mitano lakini alielewa kila neno. Njiani aliniuliza, "Dada, mwaka mwingine ni keshokutwa?" Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani.

Sasa sikiliza habari njema. Jumapili iliyopita shangazi Justina alikuja kunitembelea kutoka Musoma. Unajua siku hizi duka la dawa anakofanya kazi kule mtaa wa Mukendo linaletewa dawa mpya nyingi. Nilimweleza habari za Naomi, akaniachia kopo dogo la vidonge. Nimesoma karatasi yake yote mara tatu, Bibi, na nywele zilinisimama. Kila kidonge, ambacho ni kidogo kama punje ya maharage, kina wadudu bilioni tano walio hai! Wamelala humo ndani wanasubiri. Wanasaidia tumbo, na karatasi inasema tumbo likitulia huenda na ngozi ikatulia.

Kopo hilo nimemkabidhi mzee Ephraim, yule anayepitisha dagaa wa Kisorya kila baada ya wiki mbili tatu, pamoja na barua hii. Samahani kwa harufu. Ni dawa ya wadudu, Bibi. Naomi atumie kimoja kila asubuhi, na kitu cha baridi, kisiwe cha moto hata kidogo. Vihifadhi mahali penye ubaridi.

Nina tumaini kubwa mno. Mbusu Naomi kwenye utosi, pale pasipowasha.

Mjukuu wako akupendaye,
Bhoke


Butiama
23 Agosti 2024

Kwako mke mwenzangu Bhoke,

Marahaba. Barua nimeipata, na dagaa nimenunua, maana Ephraim hawezi kushusha barua bila kukuuzia kitu. Goti lipo, linanikumbusha mvua. Mume wetu, marehemu babu yako, angekuwepo angefurahi kuona unavyoandika. Mimi mwandiko wangu ni ule wa elimu ya watu wazima, utanivumilia.

Naomi hajambo kwa mwili ila ngozi bado. Dawa ya wadudu tunaitumia kama ulivyoagiza. Kila asubuhi nafungua kidonge, unga namwaga kwenye beseni la maji ya baridi yaliyolala mtungini. Mtoto analia baridi lakini nimemwambia dada yake ndiye aliyeagiza. Halafu namsugua na sabuni ya dawa, ile nyekundu kali, ili wadudu wasipate pa kujificha. Mchana namsugua tena, na jioni. Nilikuwaga nasugua mara moja tu, sasa ni mara tatu.

Lakini nikuambie ukweli, mke mwenzangu, hii dawa nguvu zake ni ndogo. Wadudu hawajafa. Ngozi imezidi kuwa nyekundu, na nyuma ya magoti imepasuka. Mimi nikasema labda ni mbovu, nikajaribu kidonge kimoja kwa yule kuku mwenye utitiri. Utitiri upo pale pale, tena naona umenenepa.

Mwambie Justina atafute dawa ya wadudu iliyo kali zaidi. Januari iko karibu. Juzi Mama Dotto alipita hapa njiani na mwanawe, akamvuta upande wa pili wa barabara. Nilimsalimia akaitika akiwa ameshaondoka.

Soma kwa bidii.

Bibi yako,
Susana


Bunda, shuleni
Jumapili, 1 Septemba 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi mwili hauna shida ila moyo umeniuma sana tangu niisome barua yako.

Nilimsomea Lucy, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Nilipofika kwenye kuku alicheka hadi akashuka chini. "Bhoke," akasema, "umeandika dawa ya wadudu, ulitaka bibi wa watu aelewe nini? Kwetu dawa ya wadudu tunapulizia pamba!" Mimi nikacheka naye kidogo, halafu nikalia.

Kosa ni langu, Bibi, si lako. Dawa ya wadudu ni ile inayoua wadudu, kila mtu anajua hivyo. Mimi nilitaka kusema dawa ambayo wadudu wenyewe ndiyo dawa. Tena sikuandika neno "ameze". Ninapata A ya Kiswahili kila muhula, na neno moja la herufi tano limenishinda.

Nilikwenda kwa Madam Debora, mwalimu wetu wa biolojia, nikamweleza yote bila kuficha. Hakucheka. Alinikalisha kwenye maabara akanifundisha kwa zaidi ya saa nzima, na mambo aliyonieleza sijui niyaandikeje.

Anasema kwanza tusiseme wadudu, tuseme bakteria, kwa sababu hawana miguu wala mabawa, na tunapowaita wadudu tunatamani kuwaua. Ndani ya tumbo la mtu mmoja, la Naomi, lako, langu, wanaishi bakteria wengi kupita watu wote wa dunia nzima. Bibi, watu wote! Wa Musoma, wa Dar es Salaam, wa Uchina, wote ukiwaweka pamoja hawafikii walio ndani ya Naomi akiwa amekaa kwenye kigoda chake anakunywa uji. Wengi wao ni marafiki. Wanasaga chakula, wanazuia wabaya wasipate nafasi. Na juu ya ngozi pia wapo, kama walinzi ukutani. Nilitazama mkono wangu nikaona kama nimebeba mji na sikuwahi kuusalimia.

Nikamuuliza, "Madam, kwa hiyo vidonge vingemponya?" "Sitakudanganya," akasema. "Kwa tumbo, vipo vinavyosaidia watu fulani. Kwa ngozi ya namna hiyo, watafiti wamejaribu na wengi hawakuona tofauti kubwa. Bado wanabishana. Lakini sabuni kali mara tatu kwa siku, hiyo haina ubishi. Inaondoa mafuta ya ngozi. Andika leo leo, mdogo wako apelekwe hospitali."

Kwa hiyo nakuomba sana, Bibi: acha sabuni nyekundu, mpeleke Naomi hospitali. Usinikasirikie.

Na jambo moja zaidi. Madam anasema maziwa ya mgando nayo ni kazi ya bakteria hai. Anataka kujua unayagandishaje yako.

Mjukuu wako mwenye makosa,
Bhoke


Bunda, shuleni
Jumapili, 29 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Mzee Ephraim amepita mara mbili na hana barua. Nilimuuliza kama alikuona, akasema mlango ulikuwa umefungwa na ng'ombe walikuwa wanakamuliwa na jirani. Nilimuuliza Naomi yuko wapi, akasema, "Mwanangu, mimi nauza dagaa."

Kama umenikasirikia, niandikie kwamba umenikasirikia. Hata mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Bhoke


Butiama
12 Oktoba 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya ile barua ya pili. Pole kwa kungoja. Sijakukasirikia. Nilikuwa Musoma na Naomi, na sikutaka usome habari mbaya ukiwa peke yako huko.

Barua yako ya Septemba ilinikuta mtoto ana homa. Pale nyuma ya magoti palitoa usaha, na alikuwa hataki kusimama. Nilisoma pale penye sabuni, nikaangalia kipande chekundu juu ya jiwe la kuogea, nikakaa chini. Mikono iliyomsugua yule mtoto ni hii hii inayoandika. Alikuwaga ananiambia, "Bibi inachoma," mimi namwambia vumilia, wadudu wanakufa. Asubuhi yake nikambeba.

Tulilazwa siku tisa. Justina alikuwa anatuletea chakula kutoka Mukendo. Daktari ni binti mdogo, nusura nimuulize mama yake yuko wapi, lakini anajua kazi. Akaniambia ugonjwa huu unaitwa pumu ya ngozi. Nikamwambia, "Pumu ni ya kifua, daktari." Akasema, "Mama, ni ndugu yake. Kifua kinabana, ngozi nayo inawasha. Mtoto amezaliwa nao. Haukutoka kwa uchafu na haumwambukizi mtu yeyote." Bhoke, nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia aandike. Akaandika, akagonga muhuri.

Kilichosababisha usaha ni wadudu wabaya, samahani, bakteria, walioingia kwenye nyufa. Amepewa dawa ya kuwaua hao, na krimu ya kupaka siku chache tu. Halafu kazi iliyobaki ni yangu: kuoga mara moja kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni ya harufu, na ngozi ikiwa bado ina unyevu nampaka mafuta mazito, yale ya kawaida yasiyonukia. Asubuhi na jioni, kila siku, hata akiwa mzima. Nikamwonyesha na lile kopo lako lililobaki vidonge vinne. Akasema havina ubaya kwa Naomi, akitaka ameze, ila nisivitegemee nikaacha mafuta. Naomi akameza kimoja, akaniuliza kama watu bilioni tano wameshafika chini.

Tulipotoka wodini tulikaa kwa Justina wiki mbili ili daktari amwangalie tena, tumerudi juzi. Soksi za mikononi nimezifua nikazikunja.

Sasa la maziwa. Mwambie mwalimu wako sina siri. Nachemsha, naacha yapoe hadi kidole kivumilie, namimina kwenye kibuyu nilichokifukiza moshi. Lakini kibuyu sikimalizagi. Chini nabakiza kidogo, mgando wa zamani, ndiyo mbegu. Bila mbegu maziwa yanaoza, hayagandi. Mbegu hii nilipewa na mama mkwe wangu mwaka 1974 nilipoolewa hapa. Alinipa kwenye kikombe cha bati, akaniambia, "Ukiiacha ife utakuja kuniomba, nami nitakuwa kaburini." Kibuyu kikipasuka nahamishia kingine. Mwaka wa njaa nilikopa maziwa ya mbuzi kwa jirani ili isife. Nilidhani ni desturi tu ya kutunza, kama mtu anavyotunza moto. Tangu nisome barua yako nakaa nakitazama kile kibuyu. Unataka kuniambia ninachokibakiza pale chini kina uhai?

Nimempa Ephraim chupa moja. Mwalimu aangalie, halafu uniambie ukweli.

Bibi yako,
Susana


Bunda, shuleni
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na umpe Naomi pole kubwa. Mimi ni mzima kabisa, hasa leo. Nimeisoma habari ya hospitali nikiwa nimejifunika shuka. Usijilaumu peke yako, neno lilikuwa langu. Ila hiyo karatasi yenye muhuri, Bibi, iweke pamoja na hati za shamba.

Chupa ilifika Alhamisi. Lucy aliinusa akasema, "Kwenu mnakunywa hii?" Nikamwambia subiri.

Ijumaa Madam Debora alituita kidato cha tatu chote maabara. Tuna hadubini moja tu inayofanya kazi, nyingine ilivunjika kioo. Madam alichukua tone la maziwa kwa ncha ya kijiti, akalichanganya na maji, akaliweka kwenye kioo chembamba, akalifunika. Akazungusha, akazungusha. Halafu akasema, "Bhoke, wewe kwanza. Ni maziwa ya kwenu."

Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Halafu mwanga. Halafu matone makubwa ya mafuta, ya mviringo kama mwezi. Nikasema, "Madam, sioni kitu." Akasema, "Usitafute kikubwa. Tulia. Tazama katikati ya matone."

Nikatulia. Bibi, walikuwa hapo. Vijiti vidogo, vyembamba kuliko uzi wa buibui, vingine vimeshikana viwili viwili, vingine mnyororo. Kila nilipotazama palikuwa na vingine nyuma yake. Vilikuwa vinatetemeka. Madam alisema kutetemeka ni maji yanavisukuma, haviwezi kutembea vyenyewe, lakini vinakula na vinazaliana, kimoja kinajigawa kuwa viwili. Nilihisi kama nimefungua mlango wa chumba nilichopita nje yake maisha yangu yote, na ndani kumejaa watu waliokuwa wanafanya kazi zao kimya.

Nilimweleza Madam habari ya kikombe cha bati. Akawaambia wenzangu wasikilize. "Bakteria hawa," akasema, "wanatoka kwa wale waliokuwemo kwenye kikombe hicho mwaka 1974, na wale walitoka kwa waliotangulia, na hakuna anayejua mwanzo. Pengine wengine wapya wameingia njiani. Lakini mnyororo haujakatika, kwa sababu mama mmoja baada ya mwingine alikataa kumaliza kibuyu." Hata wale wa nyuma walisogea mbele kuitazama chupa.

Lucy alipotoka kwenye hadubini hakurudi mahali pake. Alikwenda kwenye chupa, akamimina kwenye kikombe, akanywa yote. Halafu akasema, "Karibuni nyumbani," akajipapasa tumbo. Tulicheka mpaka Madam naye akacheka.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, Bibi. Kina uhai. Tena ni wewe uliyekiweka hai miaka hamsini bila kukiona hata siku moja.

Mimi bado natumaini ngozi ya Naomi itatulia. Sasa najua mafuta yako ya asubuhi na jioni ndiyo yatakayofanya kazi kubwa. Lakini mpe na maziwa pia, kama yanamkubali, kwa sababu ni yake.

Tutaonana Desemba. Nami nitampaka mafuta.

Mjukuu wako,
Bhoke


Butiama
Jumanne, 14 Januari 2025

Mke mwenzangu wa kidato cha nne,

Natumaini ulifika salama na godoro ulilikuta. Sisi hatujambo. Nyumba imepoa bila kelele zako. Najua unangojea barua hii kuliko chakula, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Jana nilimpeleka. Uliacha ngozi yake ikiwa vile ulivyoiona: mgongo umetulia, uso umetulia, ila kwenye viwiko na vifundo vya mikono bado kuna mabaka. Asubuhi nilimpaka mafuta mpaka akang'aa kama kikaango. Karatasi ya daktari niliiweka kifuani.

Mama Dotto alikuwepo mlangoni. Mwalimu Flora aliisoma karatasi polepole, kwa sauti, akafika kwenye "hauambukizi" akasimama. Mama Dotto akasema, "Karatasi inaweza kuandikwa na yeyote." Nikamwambia, "Mwanangu, nimelala na huyu mtoto kitanda kimoja tangu mama yake atutoke. Nikague." Nikavua khanga mabegani pale pale, kwenye uwanja wa shule, nikampa mikono yangu yote miwili, hii ya kizee. Aliitazama. Hakuigusa, lakini aliitazama kweli, mbele na nyuma. Halafu akaangalia chini. Mwalimu akasema, "Naomi, ingia."

Mimi sikuondoka. Nilisimama dirishani, na Mama Dotto naye akasimama dirishani, kila mtu na upande wake, kama watu wanaongojea maji bombani. Mwalimu akawaambia watoto wasimame duara, washikane mikono waimbe. Bhoke, nilishika nondo za dirisha. Naomi alikuwa ameficha mikono nyuma. Aliyesimama kulia kwake ni yule Dotto.

Dotto akamwambia, "Lete mkono."

Naomi akautoa. Dotto akautazama. "Mbona una ramani?"

"Siyo ramani, ni pumu."

"Pumu ya mkono?"

"Ya ngozi. Siyo ya kuambukiza. Imegongwa muhuri."

Dotto akafikiri. "Inauma?"

"Inawasha. Ukinishika kwa nguvu inawasha zaidi."

"Basi nitakushika kidogo," akasema. Akamshika kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika yai, na wimbo ukaanza.

Nikasikia upande wangu Mama Dotto anajikohoza. Akaniuliza, bila kunitazama, ni mafuta gani nampaka yule mtoto, maana na yeye ana mwingine mdogo nyumbani, mashavu yanampasuka. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya sabuni, yote, hata kosa langu mwenyewe.

Nilitaka kumuaga Naomi lakini sikuweza. Nilingoja wimbo mzima uishe, na wa pili. Hakugeuka dirishani hata mara moja.

Bibi yako,
Susana